Polisi wa kuzuia mikutano wapo, wa kuokoa watoto wako wapi?

Wazazi wa Njombe hawahitaji kukumbushwa Januari ya mwaka 2019. Shule zilipofunguliwa, baba na mama waliacha mashamba ya viazi na vibarua vya mbao, wakawashika watoto mikono kuwapeleka darasani na kuwarudisha nyumbani. Mtoto aliyezoea kukatiza peke yake kwenye milingoti, sweta mwilini na daftari mkononi, akawa hatoki nje bila mtu mzima. Watoto walikuwa wanatoweka, kisha wanaokotwa wamekufa, wengine wamekatwa viungo. Dk. Faustine Ndugulile, aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, ndiye aliyetamka hadharani kwamba miili iliyopatikana imefika kumi.

Kumi! Siyo mbuzi, ni watoto wa watu.

Vigogo walikuja, kama kawaida yao, misiba ikiwa imeshatokea. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, alifika Njombe na msafara wake. Makachero waliletwa kuongeza nguvu. Waganga wa kienyeji walikamatwa. Hatusemi hakuna kilichofanyika. Tunauliza swali ambalo hakuna kigogo aliyelijibu mpaka leo: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kusimama kati ya mtoto na muuaji kabla mwili wa pili haujaokotwa? Na kama hakusimama, ameulizwa na nani?

Ndugu msomaji, usikimbilie kusema hayo yamepita. Swali hilo hilo linaulizwa duniani kote, na mahali pengine limeulizwa mbele ya makaburi mengi zaidi. Wahenga walisema, ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji.

DAKIKA 77 ZA AIBU

Mei 24, 2022, katika mji mdogo wa Uvalde, jimbo la Texas, Marekani, kijana wa miaka 18 aliingia Shule ya Msingi Robb na bunduki ya kivita. Polisi wa kwanza walifika ndani ya jengo baada ya dakika chache tu. Walikuwa na silaha na walikuwa wanasikia risasi. Walipoukaribia mlango wa darasa wakapokewa kwa risasi, wakarudi nyuma kwenye korido, wakasimama.

Walisimama kwa dakika 77. Kamati ya Bunge la Texas iliyochunguza tukio hilo ilihesabu askari 376 wa idara mbalimbali waliofika pale. Askari 376 dhidi ya kijana mmoja! Wengine walisubiri ufunguo, wengine walisubiri ngao, na karibu wote walisubiri amri. Watoto waliokuwa ndani ya darasa walikuwa wanapiga simu ya dharura kwa kunong'ona, wakiomba polisi waje, na polisi walikuwa nje ya mlango. Watoto 19 na walimu wawili walikufa.

Jambo la kuchoma moyo zaidi ni yale yaliyotokea nje ya ukuta wa shule. Wazazi waliposema kama hamwingii tutaingia wenyewe, askari walipata nguvu za ghafla. Waliwasukuma wazazi, na wengine waliwatia pingu. Polisi waliokosa ujasiri wa kumkabili mwenye bunduki walikuwa nao wa kumkabili mama asiye na kitu mkononi.

Msomaji wa Makambako, je, tabia hiyo huijui?

Miaka minne kabla, Februari 14, 2018, huko Parkland, Florida, watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari huku askari aliyekuwa amepangiwa kuilinda shule hiyo akibaki nje. Alishtakiwa kwa kuwatelekeza watoto. Juni 2023 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru. Na tangu mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, katika kesi ya mama mmoja wa Castle Rock, Colorado, aliyewaomba polisi msaada usiku kucha mpaka binti zake watatu wakakutwa wamekufa, kwamba Katiba ya nchi ile haimpi raia haki ya kudai polisi wamlinde. Yaani taifa lenye magari ya deraya mpaka kwenye vituo vya vijijini linamwambia mzazi kwamba ulinzi wa mwanao ni hisani ya askari.

Msidhani haiwezekani. Wamarekani wenyewe walijifunza baada ya mauaji ya Columbine mwaka 1999 kwamba askari wa kwanza kufika ndiye wa kuingia, asisubiri kikosi maalumu. Machi 27, 2023, mjini Nashville, polisi walifanya hivyo hivyo: tangu simu ya kwanza ipigwe mpaka muuaji anaanguka zilipita dakika kama 14. Watoto watatu na watu wazima watatu walikuwa wameshakufa, ni msiba mkubwa, lakini shule nzima ilibaki hai. Tofauti ya Nashville na Uvalde haikuwa bunduki wala mishahara. Wa Nashville waliingia.

"HAYO NI YA WAZUNGU"

Najua yupo kada wa chama tawala anayesoma hapa huku anacheka. Atasema hayo ni mambo ya Wazungu, Njombe hakuna mwanafunzi wa kuingia shuleni na bunduki. Namwomba afungue ramani.

Aprili 2, 2015, alfajiri, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalumu cha Recce kilikuwa upande wa Nairobi, na kilipofika hatimaye kilimaliza kazi kwa muda mfupi, jioni. Siku nzima ilikuwa imekwisha. Magazeti ya Nairobi yaliandika kwamba waandishi wa habari waliosafiri kwa gari walifika Garissa kabla ya kikosi hicho. Mwenye kalamu alifika kabla ya mwenye bunduki!

Juni 16, 2023, usiku, waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, magharibi mwa Uganda, wakaua wanafunzi 37 katika mabweni yao, wengine kwa moto na wengine kwa mapanga. Na kwetu? Oktoba 2020 wavamizi walivuka kutoka Msumbiji wakaua wananchi wetu katika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Ruvuma inapakana na Msumbiji hiyo hiyo, na barabara ya kutoka Songea inapita Njombe na kumalizikia Makambako, kwenye makutano ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na stesheni ya TAZARA. Mji kama huo, unaopitiwa na kila gari na kila mgeni, ukisema haya hayatuhusu unajidanganya.

Na hata bila ya bunduki, yale ya 2019 yalitufundisha nini? Kwamba muuaji wa watoto hana haja ya bunduki kama anajua hakuna anayemzuia.

WALIJUA NJIA YA NYOLOLO

Nasikia hoja ya pili: polisi ni wachache, magari hayana mafuta, askari analala kwenye kibanda cha bati. Ni kweli, na hatuwacheki. Askari wa chini ni mlalahoi mwenzetu. Lakini hoja hiyo ina kasoro moja, nayo ni kwamba uchache huo huwa unapotea siku upinzani unapokuwa na mkutano.

Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, kwenye barabara kuu hiyo hiyo ukitoka Mafinga kuja Makambako, CHADEMA walikuwa wanafungua tawi. Tawi tu! Polisi walifika kwa wingi, na virungu, na mabomu ya machozi, wakiongozwa na kamanda wa mkoa mwenyewe. Mafuta siku ile yalipatikana. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa pale mchana kweupe, akiwa amezungukwa na askari. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Mmoja tu, wakati waliomzunguka marehemu walikuwa kundi zima.

Februari 16, 2018, huko Kinondoni, Dar es Salaam, polisi waliokuwa wanatawanya wafuasi wa upinzani walifyatua risasi, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa amekaa ndani ya daladala akafa. Yeye hakuwa kwenye maandamano, alikuwa anaenda kwenye shughuli zake za masomo. Hakuna askari aliyefungwa kwa kifo chake.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, nchi nzima iliona jinsi dola inavyoweza kujaza barabara kwa askari wenye silaha ndani ya saa chache. Watu waliuawa kwa risasi. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Jaji huyo huyo ndiye aliyeongoza Tume ya Haki Jinai iliyokabidhi ripoti Julai 2023 na kutaka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Ushauri ulitolewa, mwenye kupewa ushauri akaufungia kabatini, halafu yakatokea yaliyotokea.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni mafuta. Difenda inayoweza kufika kwenye mkutano kabla ya mzungumzaji kupanda jukwaani, inaweza pia kufika kwenye shule kabla ya mtoto wa pili kufa. Kinachoamua ni anayeiamuru iende wapi.

SHERIA INASEMA NINI?

Tofauti na Marekani, Katiba yetu, Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Hapo tumewashinda Wamarekani kwenye karatasi. Lakini isome Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, mahali inapotaja kazi za jeshi hilo. Utakuta kulinda amani, kusimamia sheria, kuzuia na kupeleleza uhalifu, kukamata wahalifu, na kulinda mali. Mali imetajwa kwa jina lake. Uhai haukutajwa kwa jina lake.

Hatushangai. Sheria hiyo tuliirithi kwa mkoloni, na mkoloni alihitaji askari wa kulinda bohari na shamba lake dhidi ya sisi. Ajabu ni kwamba mkoloni aliondoka mwaka 1961 na kazi zile zile zimebaki. Ndiyo maana askari akichelewa kwenye mauaji anaandika maelezo tu, lakini akichelewa kwenye lindo la kigogo anahamishwa kesho yake.

MIAKA 18 NA BUNDUKI

Sasa tuje kwenye umri. Yule kijana wa Uvalde alisubiri atimize miaka 18, na ndani ya siku chache akanunua bunduki mbili dukani, kwa risiti. Texas hairuhusu mtu wa miaka 18 kuuziwa bia, lazima afike 21. Bia anaambiwa bado mtoto, bunduki ya kivita anafungiwa vizuri na kushukuriwa kwa kununua! Muuaji wa Parkland naye alikuwa na miaka 19, na silaha yake aliinunua kihalali. Baada ya mazishi, Florida walipandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21, Machi 2018. Texas hawakufanya hivyo hata baada ya Uvalde.

Kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu hanunui bunduki kama anavyonunua jembe. Anapita kwa viongozi wa anapoishi, anapita kamati za ulinzi na usalama, anapita polisi. Ni utaratibu mzuri, na tunaomba usilegezwe. Lakini una mashimo matatu.

La kwanza ni magobore. Kila mtu wa vijijini huku nyanda za juu anajua kwamba gobore linatengenezwa na fundi wa kienyeji kwa bomba la chuma, na fundi huyo haulizi cheti cha kuzaliwa. Gobore linaegemezwa nyuma ya mlango, na mtoto wa miaka 12 anajua lilipo na baruti ilipo. Sheria ya umri haimgusi mtoto huyo.

La pili ni kwamba umri peke yake si akili. Machi 13, 1996, huko Dunblane, Scotland, mtu mzima wa miaka 43 aliua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizokuwa na vibali navyo. Polisi walikuwa wameshapata malalamiko juu yake, na vibali vikaendelea kuhuishwa. Mwaka 1997 Waingereza walipiga marufuku bastola kwa raia. Funzo ni kwamba kibali kikishatolewa, mwenye nacho aendelee kuangaliwa. Huku kwetu tajiri akishapata kibali, nani anayerudi kuuliza kama siku hizi ni mlevi, kama anampiga mkewe, kama bastola anaiweka mezani baa?

Shimo la tatu hawataki tuliseme. Matangazo ya ajira ya polisi kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita yamekuwa yakitaka vijana wa miaka 18 hadi 25. Kijana wa miaka 19, aliyekuwa jana tu anaogopa kiboko cha mwalimu, anatoka depo na kukabidhiwa SMG yenye risasi za moto, kisha anapelekwa mbele ya umati wenye hasira. Raia mwenye shamba Wanging'ombe anapekuliwa mpaka kwa mjumbe kabla ya kupewa bunduki ya kufukuzia nguruwe wanaokula mahindi yake. Huyu kijana nani amempekua? Kama umri wa Uvalde ulikuwa mdogo mno kwa bunduki, basi ni mdogo mno hata ukivalishwa gwanda.

TUNACHOKITAKA

Hatuandiki haya kwa ajili ya kulia. Yapo mambo ambayo mbunge yeyote mwenye uchungu anaweza kuyapeleka bungeni, awe wa chama tawala au wa upinzani.

Kwanza, Sheria ya Polisi itaje uhai wa binadamu kuwa kazi ya kwanza ya polisi, na itamke kwamba penye mtoto anayeshambuliwa, askari wa kwanza kufika anaingia bila kusubiri amri. Afundishwe namna ya kuingia na apewe vifaa, kwa sababu hatutaki naye afe bure. Lakini mwenye mafunzo na silaha akikaa nje kwa woga, liwe kosa la kujibiwa mahakamani, na kamanda aliyemzuia aingie kizimbani pamoja naye.

Pili, kila shule ya Njombe na Makambako ijue askari gani wa kata anaihusu, kwa jina na kwa namba ya simu, na kila wilaya iwe na gari lenye mafuta ya dharura ambayo hakuna msafara wa kiongozi unaoruhusiwa kuyagusa. Walimu wafundishwe kufunga milango na kuwalaza watoto chini. Zoezi moja kwa muhula halifilisi serikali.

Tatu, vibali vyote vya silaha vihakikiwe kila mwaka na kamati za kata, na mwananchi awe na haki ya kulalamika juu ya mwenye silaha bila kutajwa jina. Mafundi wa magobore waorodheshwe na wasaidiwe kupata kazi nyingine, kwa sababu kuwakamata peke yake ni kuwapandishia bei.

Nne, askari mpya asikabidhiwe risasi za moto mbele ya raia mpaka afike umri wa utulivu na awe ametumikia miaka kadhaa chini ya mkubwa wake. Na kiundwe chombo huru cha kuwachunguza polisi. Kenya waliunda IPOA kwa sheria ya mwaka 2011, na pamoja na mapungufu yake mengi, angalau Mkenya ana mlango wa kugonga. Sisi tunapeleka malalamiko ya polisi kwa polisi. Kesi ya nyani hiyo, na hakimu wake ni ngedere.

Wapo watakaosema gazeti hili linachochea chuki dhidi ya polisi. Hapana. Chuki inachochewa na mama anayemwona askari amesimama. Tunataka siku moja mtoto wa Njombe anayekatiza kwenye milingoti asubuhi ya ukungu akiona difenda afurahi, aseme hao wamekuja kwa ajili yangu. Leo akiiona anakimbia, maana amejifunza kwa wakubwa wake.

Mtakapokuja tena Makambako kuomba kura, waheshimiwa, msituambie habari za lami peke yake. Tutawauliza mlipiga kura gani bungeni siku uhai wa watoto wetu ulipotakiwa uandikwe kwenye sheria.